Sepetu ya Bwana wa Gillekerke

Jamani, kaeni kwanza, maana hii nikiisimulia watu wamesimama kuna atakayeanguka. Mimi mwenyewe nimetoka nayo kijijini kwetu Gillekerke Jumapili, nikapanda treni ya kurudi chuoni, nikacheka peke yangu kutoka Goes mpaka Leiden. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alihamisha begi lake, akalikumbatia.

Tuanze na neno, kwa sababu mjinga wetu alinunua neno. Ambachtsheerlijkheid, Kiholanzi cha kale. Msijing'ate ulimi, sitalirudia. Kwa lugha ya binadamu ni ubwana wa kijiji. Zamani, kabla ya meya na baraza na uchaguzi, mtu mmoja alikuwa na haki ya kutawala kijiji kizima kama anavyomiliki jogoo: anamweka hakimu, anamchagua mchungaji, anakula ushuru wa kinu, samaki wa mfereji ni wake, bata maji ni wake, mpaka nyasi za tuta la bahari ni zake. Halafu wakaja watu wenye akili wakaufuta utawala huo, vikabaki vijisehemu vya kuchekesha na jina. Chuoni ninasomea mambo ya utawala, na profesa wetu neno lile alilimaliza kwa asubuhi moja. Akasema, "Hili ni ganda la yai. Kifaranga alishatoka, akawa kuku, akaliwa."

Sasa, kumbe ganda linauzwa! Mabaroni waliokuwa na ubwana wa kijiji chetu walishachoka nao, wakaupeleka sokoni, akaununua Boudewijn Terlinden. Huyu bwana hana shangazi kwetu, hana shamba, hana hata kaburi. Ni mtu wa Hilversum anayeuza mabeseni ya maji moto, yale ya bustanini, watu wazima wanakaa ndani na glasi ya mvinyo huku mvua inawanyeshea kichwani. Biashara hiyo ndiyo iliyomtajirisha, na utajiri ndio uliomwambia kwamba amezaliwa kutawala.

Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na koti la mahameli ya kijani na pete yenye simba. Simba, jamani! Gillekerke! Mnyama mkali kuliko wote kwetu ni bata bukini wa mama mchungaji.

Akaingia kwa Adriaan mwoka mikate, akasimama katikati ya duka kama anasubiri tarumbeta.

"Mimi ndiye Bwana wa Gillekerke," akasema.

Adriaan akafuta mikono kwenye aproni. "Vizuri. Foleni inaanzia kule nyuma ya Bi Leuntje."

Jumapili ikawa kanisani. Kanisa letu lina benchi la mabwana, limechongwa, lina paa lake dogo, limeinuliwa ili bwana awatazame watu visogoni. Tangu nizaliwe benchi hilo linawekwa ndoo ya kudekia na mito ya kwaya, maana bomba la joto halifiki pale na upepo wa mlango wa kaskazini unapita moja kwa moja. Bwana wetu akasema ni haki yake. Ndoo ikaondolewa. Akakaa ibada nzima amekunja miguu kama kuku aliyelowa, na kila mchungaji aliposema "tuombe," yeye akapiga chafya. Mama yangu alinibana paja nisicheke, kumbe yeye mwenyewe machozi yanamtoka.

Mpaka hapo ilikuwa burudani. Mtu akijivika ujinga wake mwenyewe, mwache, haumgharimu jirani. Tatizo likaja kwenye nyasi.

Shangazi yangu Pieternel anafuga kondoo. Hana shamba. Ana nyumba, ua na zizi, basi, na kondoo wake wanakula kwenye tuta la bahari, lile refu linalotuzuia tusiwe chakula cha samaki. Tuta lenyewe ni la mamlaka ya maji, wale wanaozuia mafuriko, kila mtu anajua hilo. Lakini nyasi za juu yake, tangu enzi hizo za ganda la yai, ni haki ya bwana wa kijiji. Mabaroni hawakuwahi kujali. Babu yangu alilisha pale, Shangazi akalisha pale, na Krismasi baroni alipelekewa paja la kondoo, akashukuru, yakaisha. Bila nyasi zile, kondoo wa Shangazi wanauzwa kabla baridi haijaingia. Na Shangazi bila kondoo... sijui hata nimalizieje. Mume wake alifariki msimu wa kondoo kuzaa, na usiku wa msiba Shangazi bado alitoka na ndoo ya maji ya moto, kwa sababu kuna kondoo aliyekuwa anazaa mapacha.

Siku Bwana alipokuja uani kwa Shangazi mimi nilikuwepo, nilikuwa likizo. Alikuwa anatembea huku anaangalia juu, anakadiria sijui nini, akajikwaa kwenye sepetu iliyokuwa imelazwa kwenye majani. Karibu ale tope.

"Nyinyi watu!" akafoka. "Huku hamjui kusimamisha sepetu?"

"Huku hatusimamishi," Shangazi akajibu.

Sasa mtu mwenye akili angeuliza, kwa nini? Neno moja tu! Angeambiwa. Hata mtoto wa chekechea angemwambia. Kwetu ukiacha sepetu imesimama ardhini unachapwa, kwa sababu zamani kila mkulima alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza, na akishindwa, hana nguvu, hana mali, bahari imemchosha, alikuwa anakwenda tutani mbele ya watu, anachomeka sepetu yake, anaiachia, anageuka na kuondoka. Basi. Kila kitu chake pale amekiacha: shamba, haki, heshima. Na atakayeichomoa sepetu ndiye mwenye vitu vyote hivyo, na tuta ni mzigo wake. Asiyeweza tuta, ahame. Ndivyo wazee walivyosema. Mpaka leo watoto wakijenga ngome za mchanga ufukweni, wewe jisahau tu usimamishe kisepetu chako cha plastiki ukanunue aiskrimu. Ukirudi ngome ina mwenyewe, na ukilia mama yako anakwambia, "Uliisimamisha mwenyewe."

Lakini Bwana wa Gillekerke hakuuliza. Watu kama yeye hawaulizi, wanatangaza. Alipangusa kiatu, akatangaza.

"Hawa kondoo waondoke tutani kabla ya sherehe yangu ya kutawazwa. Na baada ya sherehe wasirudi."

"Wasirudi?" Shangazi alidhani hajasikia vizuri. "Waende wapi, bwana?"

"Hilo ni lako, mama. Mimi nataka pale pawe Matembezi ya Bwana. Wageni wangu wapande juu watazame bahari bila kukanyaga mavi."

"Kondoo ndio wanaolishikilia hilo tuta," Shangazi akasema, na nikaona anajitahidi, anasema taratibu kama anaongea na mnyama mwenye hofu. "Wanakanyaga udongo ushikamane. Wanakula nyasi ziote mizizi. Nipe hata upande wa bara tu, upande ambao wageni wako hawauoni. Nitasafisha mwenyewe."

"Ni haki yangu. Somo la historia, mama."

Hapo nikashindwa. "Hilo somo nimelisoma mimi," nikamwambia. "Huo ubwana wako haukuwa haki peke yake. Ulikuja na wajibu. Bwana alifungwa na desturi za tuta kama mkulima wa mwisho."

Akanitazama kama mtu anayetazama bei ya kitu asichotaka kununua. "Na wewe ni nani?"

"Tannetje. Mpwa wake. Nasoma Leiden."

"Safi sana, Tannetje wa Leiden! Basi sikiliza: nachukua vyote. Haki na wajibu, desturi zote za kale, kama zilivyo. Nitatamka mbele ya kamera." Akacheka, akanipiga piga begani. Begani, jamani. Nilioga mara mbili.

Bwana akaondoka. Shangazi aliokota ile sepetu, akaifuta tope, akailaza tena palepale. Jioni nikamsikia kwenye simu anamuuliza mfanyabiashara wa mifugo wa Goes anapokea lini. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo maana nikaenda kulia chooni.

Haya, Jumamosi ya sherehe. Watu walijaa. Msidanganyike, walijaa kwa sababu ya bolus za bure, ile mikate ya mdalasini inayonata mpaka kwenye nyusi. Adriaan alizioka trei kwa trei na akalipwa mapema, kwa sababu Adriaan si mjinga. Bendi ya matarumbeta ilikuja. Televisheni ya mkoa ilikuja, msichana mmoja na kamera yake, anaonekana kabisa alitaka kutumwa kwingine. Tuta lilikuwa tupu, limefyekwa, halina hata kondoo mmoja. Unawasikia tu kwa mbali wanalia ndani ya zizi la Shangazi, kutwa nzima, kama wanaojua. Mfanyabiashara wa Goes alikuwa amepangwa kuja na lori Jumatatu.

Bwana alitaka kupanda mti wa mwaloni juu ya tuta. Mkaguzi wa mamlaka ya maji akaja mbio, mweupe kama jibini.

"Hapana, hapana, bwana! Mti tutani? Mizizi inatoboa! Huchimbi hapa hata shimo la panya!"

"Lakini nimeshanunua sepetu."

Na kweli alinunua. Ya fedha inayong'aa, mpini wa mbao nyekundu, imechorwa simba wake. Alikuwa ameona mawaziri magazetini wakifungua barabara na sepetu. Mtu wa mabeseni asiionyeshe sepetu yake mbele ya kamera? Angekufa.

"Basi sitachimba," akasema. "Nitaichomeka tu. Ishara ya kumiliki."

Nawaapia, bendi ilikosea noti. Mpiga tuba aliishiwa pumzi katikati. Mimi nilikuwa nimesimama na Mama na Shangazi, na nikahisi mkono wa Shangazi unanishika kiwiko, unakaza.

"Ishara ya nini?" Adriaan akauliza taratibu, mdomo umejaa bolus.

"Ya kumiliki," akajibu Bwana. "Hamjui hata desturi zenu?"

Mchungaji wetu ni mtu mwema, mwema mpaka anakera. Akasogea, akamnong'oneza, lakini yule ana sauti ya mimbari hata akinong'ona, tulimsikia wote. "Ndugu Terlinden, kwa ushauri wangu, hiyo sepetu ungeilaza tu. Hapa kwetu, kuisimamisha..."

"Mchungaji," akamkata, "wewe umeniweka kwenye benchi la baridi mwezi mzima. Leo usinipangie."

Mchungaji akarudi nyuma, akainua mikono kidogo, kama anayemwambia Mungu umeona mwenyewe.

Basi hotuba. Ilikuwa ndefu, na ya kijinga kila hatua. Akasema damu. Akasema mababu, mababu gani, labda wa mabeseni! Akasema wanavijiji wangu. Bi Leuntje akageuka kutazama nyuma, anatafuta hao wanavijiji wa mtu. Halafu akainyanyua sepetu juu ili kamera ipate, akasema kwa sauti kubwa, neno kwa neno, naikumbuka kama sala:

"Mimi, Bwana wa Gillekerke, naingia kwenye ubwana huu kwa desturi zote za kale za mahali hapa, na lolote desturi hizo zinaloamua juu yangu, nalikubali!"

Akaichomeka. Udongo ulikuwa laini, mvua ilinyesha juzi yake, ikaingia vizuri, ikasimama wima inameremeta. Akaiachia. Na sasa, jamani, hapa ndipo nilipouma kola ya koti langu: akageuka. Akaipa mgongo, akatembea hatua kadhaa kuelekea kwenye kamera, mikono juu, anapunga. Hakuna kilichosahaulika. Mtu angemfundisha mwezi mzima asingefanya vizuri vile.

Bendi ikashusha matarumbeta. Bahari tu upande ule, na kondoo upande huu.

Kila mtu alikuwa anaiangalia sepetu, na hakuna aliyesogea, kwa sababu kuchomoa si mchezo. Ukichomoa umechukua nyasi, lakini tuta pia ni juu yako. Mbele ya kijiji kizima umesema bahari ikija, nitafuteni mimi. Nilimtazama Shangazi. Midomo yake imebana. Yeye si kijana. Magoti yake yanamlilia kila asubuhi. Nikawaza, hatakwenda, ataiacha, Jumatatu lori linakuja.

"Pieternel," akasema Mama, kwa chini kabisa. "Usipoenda wewe naenda mimi, na mimi kondoo wananichukia."

Shangazi akaniachia kiwiko. Akapanda tuta na mabuti yake ya mpira, hana haraka, akaishika sepetu ya fedha kwa mikono miwili, akaichomoa, akafuta udongo kwenye sketi yake. Halafu akailaza chini.

Mungu wangu, kelele! Watu waliruka, kofia zilirushwa, bendi ikapiga bila kuongozwa, Bi Leuntje alimbusu mkaguzi wa mamlaka ya maji kwa mdomo wenye bolus, wakanatana. Na utamu wa utamu: Bwana Boudewijn alidhani anashangiliwa yeye!

"Asanteni!" anapiga kelele. "Asanteni, watu wangu!" Anainama, anaweka mkono moyoni, anatupa mabusu. Alishangilia kuondolewa kwake mwenyewe mpaka akatoka jasho.

Ilibidi msichana wa televisheni, naye ni mtoto wa pwani hii hii, amsogezee kipaza sauti. "Bwana Terlinden, unajisikiaje baada ya kuachia ubwana?"

"Kuachia nini?"

Wakamweleza. Walimweleza watu kumi kwa pamoja, hakuna aliyetaka kuikosa nafasi hiyo. Nilimwangalia uso unavyobadilika, tabasamu linabaki kwenye meno wakati macho yameshaondoka. Kwanza akacheka, ha ha, utani wa kijijini. Akaona anacheka peke yake. Ndipo akawa mwekundu.

"Upuuzi! Hiyo ni desturi iliyokufa! Haina nguvu yoyote! Mwanasheria wangu..."

"Sema tena," nikamwambia. Nilishafika mbele, sijui hata nilifikaje. "Sema kwa sauti, kamera bado inawaka. Desturi za kale za Gillekerke zimekufa, hazina nguvu. Si ndiyo?"

Akaigeukia kamera.

"Kwa sababu haki yako ya nyasi inatoka hukohuko," nikaendelea. "Haina mahali pengine inapotoka. Kama desturi imekufa, wewe si bwana wa hata jani moja, una pete tu. Kama iko hai, umeshaachia, na umekubali kwa mdomo wako. Chagua. Mwanasheria wako atakuuliza hivyohivyo, tofauti yeye atakutoza pesa."

Akaiacha kamera. Akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama mawingu. Akamtazama mkaguzi wa mamlaka ya maji.

"Sisi," mkaguzi akasema huku anafuta mdalasini shavuni, "tunachotaka ni tuta lenye kondoo. Mwenye kondoo ni huyu mama."

"Mtanijua mimi ni nani!" akafoka Bwana.

"Tunakujua," akasema Adriaan. "Mtu wa mabeseni. Beba bolus ya njiani, ulishazilipia."

Jamani, akaichukua! Mtu amevuliwa ubwana mbele ya mkoa mzima na bado kachukua mkate! Akashuka tuta na koti lake la mahameli, akateleza palepale pasipo na mavi hata kidogo, maana si alitaka wafyeke pawe safi, basi majani yaliyofyekwa yakilowa ni kama sabuni. Akakaa. Akainuka na kijani kingine juu ya kijani. Gari likawaka.

Mpaka leo, wiki kadhaa zimepita, hakuna mwanasheria aliyepiga simu. Nasikia kwenye mlango wa ofisi yake bado ameandika Bwana wa Gillekerke. Mwacheni. Ganda la yai ni lake.

Shangazi aliwafungulia kondoo jioni ileile. Walipanda tuta wanasukumana kama wanafunzi wakisikia kengele ya chakula. Mfanyabiashara wa Goes alipigiwa asije, akasema tayari alishaona kwenye televisheni, na akaomba kuongea na Bibi wa Gillekerke.

"Hayupo," Shangazi akamjibu. "Kuna Pieternel tu, na ana kazi."

Na kweli anayo. Tangu siku ile kila asubuhi, kabla ya kahawa, na magoti yake yale, anapanda tutani kuziba mashimo ya fuko na sungura, maana sasa ni mzigo wake na wote wanamwona. Anatumia ile sepetu ya fedha. Anasema ni nyepesi mno, imetengenezwa na mtu asiyewahi kuchimba, ila kwa mavi ya kondoo inafaa. Jumapili hii iliyopita, kabla ya treni, nilimpelekea chai kulekule juu. Simba ameshachubuka uso. Shangazi akapokea kikombe, akainama kwanza akailaza sepetu kwenye majani, ndipo akanywa.